Babati mpaka COP28 Dubai: daftari langu la safari (na jagi la shangazi)

Jumanne 28 Novemba 2023

Nimetoka Babati alfajiri na basi la Dar, ile njia ya Kondoa na Dodoma, mvua imetushika tangu Bereko na haijatuachia mpaka karibu na Dodoma mjini. TMA, wale wa hali ya hewa, walishasema mapema El Nino inakuja, watu wakacheka, sasa hivi hakuna anayecheka, kila korongo limejaa.

Kiukweli hii safari haikuwa yangu. Aliyepangiwa ni mwenzangu wa pale redioni, pasipoti yake ikaonekana imeisha muda, jina likabadilishwa haraka haraka nikajikuta mi ndo mwakilishi wa mkutano wa dunia wa tabianchi, mi ambaye kazi yangu ya kila siku ni bei za mazao na matangazo ya vifo. Mhariri kanipa sharti moja tu, kila jioni nitume voisi ya dakika 2 kwa Whatsapp, Kiswahili kitupu, mama anayeuza nyanya sokoni aelewe bila kumuuliza jirani. Nikaona rahisi. Ningejua.

Abiria wa siti ya nyuma aliposikia naenda Dubai akaniambia ukifika wasalimie wenye bandari, basi zima likacheka, na toka hapo mpaka Gairo ukawa ni ubishi wa bandari ya Dar kupewa kampuni ya Dubai, mkutano wangu ukasahaulika.

Shangazi wa Katesh kapiga simu tukiwa Morogoro. Anataka jagi la kuchemshia maji, la umeme, "la hukohuko Dubai, haya ya hapa yanaungua wiki mbili tu." Nikamwambia shangazi na mgao huu wa umeme utalichemshia na nini? Akasema, "Umeme utarudi mwanangu, wewe Dubai hurudi tena." Sikuwa na jibu.

Jumatano 29 Novemba

Ndege, masaa matano na ushee, mtoto wa siti ya mbele kalia njia nzima. Dubai wako mbele yetu saa moja. Binamu yangu kaja kunipokea na sare yake ya ulinzi, anakaa Naif huku Deira, chumba kimoja vitanda vya ghorofa watu sita, mi wa saba nalala chini kwenye godoro la kukunja. Wawili Wakenya, mmoja Mganda, wengine wa kwetu. Wameniuliza mkutano wenyewe unahusu nini nikawaeleza kwa dakika kumi hivi, mmoja akasema kwahiyo mnakuja kwenye nchi ya mafuta kuwaambia waache mafuta? Nikasema ndiyo. Akazima taa.

Alhamisi 30 Novemba

Metro toka Union mpaka kituo cha Expo 2020, zaidi ya saa nzima, treni haina dereva, nje maghorofa, maghorofa, halafu mchanga. Getini mistari kama uwanja wa ndege, mkanda vua, kompyuta toa, beji pigwa picha. Ndani sasa. Pale ndo nilielewa kwamba neno mkutano linadanganya. Ni mji. Kila nchi na banda lake, kila benki na banda lake, watu wanatembea huku wanaongea na vipokea sauti masikioni, nimepotea mara tatu kutafuta choo.

Tukio la leo kubwa, mfuko wa hasara na uharibifu umepitishwa siku ya kwanza kabisa, ukumbi ukasimama kupiga makofi. Kwa asiyejua, nchi za visiwa vidogo zilianza kudai kitu cha aina hii tangu 1991, Vanuatu ndo waliosimama kwa niaba ya wenzao, wakazungushwa miaka na miaka mpaka Sharm el-Sheikh mwaka jana ndo ikakubalika mfuko uwepo, na leo ndo umepewa taratibu zake. Miaka thelathini na mbili. Mtoto aliyezaliwa mwaka wanaanza kudai sasa ana watoto wake.

Pesa zikaanza kutajwa. Wenyeji Emirati dola milioni 100, Ujerumani milioni 100, Marekani milioni 17.5. Hapo kwa Marekani nilisikia mtu nyuma yangu kaguna ile ya kiafrika kabisa, mmh. Nikapiga hesabu, ni kama shilingi bilioni 44, na zinagawiwa kwa dunia nzima iliyopigwa na mafuriko na ukame. Halafu mfuko unahifadhiwa Benki ya Dunia kwa miaka minne ya mwanzo, jambo ambalo nchi nyingi maskini hawakulitaka ila walimeza, maana ukikataa sahani unalala njaa.

Voisi yangu ya kwanza nikasema "mfuko wa hasara na uharibifu". Mhariri akajibu, hasara ya nani, ya biashara? Nikarekodi upya: mfuko wa kuwalipa waliobomolewa na mvua na jua ambalo hawakulichafua wao. Akasema sawa ila umesema "kuwalipa", una uhakika? Nikaenda kuuliza. Kumbe neno kulipa ndo neno wasilolitaka kulisikia matajiri, kila mahali wameandika kusaidia, kuchangia, kwa hiari, kwasababu ukisema kulipa maana yake una deni. Nikarekodi mara ya tatu. Saa sita ya usiku.

Ijumaa 1 Desemba

Siku ya wakubwa. Misafara, ving'ora, sisi wa beji za kawaida tumeangalia kwenye skrini kama mpira. Guterres, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, kasema wazi kwamba kuzuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 haiwezekani kama dunia haijaacha kabisa kuchoma mafuta, makaa na gesi. Ruto kaongelea Kenya ilivyotoka kwenye ukame mbaya kuliko yote katika miaka 40 ikaingia kwenye mafuriko bila hata kupumua. Kenya, Ufaransa na Barbados wanasukuma pia wazo la kodi za kimataifa, kama za meli na ndege, pesa ziende kwenye tabianchi.

Dada mmoja wa Kisumu niliyekaa naye kwenye ngazi kasema kodi ya ndege sawa, ila sisi wote hapa tumekuja na ngalawa? Tulicheka lakini ni kweli, maelfu kwa maelfu ya watu tumeruka angani kuja kujadili moshi. Mi jibu langu ni kwamba asiyekwenda ndo anayeandikiwa, ila sijui kama nilikuwa nalitetea jambo au naitetea tiketi.

Jumamosi 2 Desemba

Mama Samia kazindua mpango wa nishati safi ya kupikia kwa wanawake wa Afrika. Hili nilikuwa na voisi nyepesi kuliko zote, hakuna haja ya kutafsiri moshi wa kuni kwa mtu wa Babati, mama yangu mwenyewe macho yake ni mekundu tangu namjua. Nchi zaidi ya 110 zimeahidi kuongeza mara tatu umeme wa jua, upepo na kadhalika ifikapo 2030. Mi nilikuwa nawaza kwetu kwenye mgao, mara tatu ya mgao ni ngapi.

Leo pia ni sikukuu yao ya taifa, bendera kila mahali, usiku fataki.

Jumapili 3 Desemba

Sijui niandikeje hii.

Nimeamka simu ina misdi koli tisa. Grupu la familia limejaa. Mlima Hanang umemeguka, tope limeshuka Katesh alfajiri, watu wako kanisani wengine wamelala wengine wanafungua maduka, tope na mawe na magogo vikaingia mjini kwa pamoja. Video ya kwanza niliyofungua niliona barabara ile ya Singida, ninayoijua, pale ambapo mabasi yanasimama abiria wanunue mahindi ya kuchoma, na hapakuwa na barabara. Kuna gogo limelala kwenye kibaraza cha duka kama mtu kaliegesha.

Shangazi hapatikani. Namba yake inaita "mteja unayempigia" na ya jirani yake hivyohivyo. Nimepiga kuanzia saa moja.

Nimeenda mkutanoni hivyohivyo kwasababu chumbani ningefanya nini. Leo ilikuwa siku ya afya, ya kwanza kabisa kwenye mikutano hii, na nje anga la Dubai lilikuwa na ukungu wa moshi mpaka maghorofa hayaonekani vizuri, watu wanapiga picha kwa kejeli. Nilikaa chini ya lile kuba kubwa la Al Wasl na simu mkononi. Watu wanapita na kahawa. Habari ilianza kufika kwa Watanzania wote mle ndani, ukimuona mtu amesimama katikati ya njia anaangalia simu bila kusogea ujue ni wa kwetu. Rais katoa salamu za pole kwa video akiwa hukuhuku Dubai, na baadaye tukasikia anakatisha safari arudi.

Saa nane mchana simu ya mtoto wake ikaingia. Shangazi yuko hai, wako shuleni kwenye darasa na watu wengine, alitoka na khanga moja na redio. Duka lake la maharage upande wa chini limezama mpaka kwenye mabati. Nikaomba niongee naye. Sauti imekauka. Akanitajia majina ya watu. Sitayaandika hapa. Halafu akanyamaza, halafu akasema, "Mko huko mnaongelea mvua, si ndiyo? Waambieni imefika."

Voisi ya leo sikutuma, redioni hawakuiuliza, nao walikuwa njiani kwenda Katesh.

Jumatatu 4 Desemba

Idadi ya waliofariki inapanda kila ukifungua simu. Waziri Mkuu yuko Katesh. Hapa gumzo la siku ni mwenyekiti wa mkutano, Sultan Al Jaber, ambaye papo hapo ndiye bosi wa kampuni ya mafuta ya ADNOC. Jana gazeti la Uingereza limetoa mazungumzo yake ya mwezi uliopita na Mary Robinson, aliyekuwa rais wa Ireland, ambapo alisema hakuna sayansi inayosema kuachana na mafuta ndiyo itafikisha nyuzi 1.5. Leo kaitisha waandishi, kakaa na mkuu wa jopo la wanasayansi wa umoja wa mataifa, anasema kaeleweka vibaya na sayansi anaiheshimu. Kaongea kwa ukali. Kwenye chumba chetu cha Naif yule wa taa kasema tu, fisi kupewa bucha si habari, habari ingekuwa fisi kukataa.

Nimeulizwa na watu kama watatu leo, wa heshima kabisa, kama tope la Hanang ni mabadiliko ya tabianchi. Nikasema mvua ilikuwa kubwa, mlima ni wa volkano ya zamani, miamba yake laini ikanywa maji ikashindwa kujibeba. Hicho ndicho kilichosemwa na serikali. Mmoja akaonekana kuvunjika moyo, alitaka jibu la ndiyo ili aweke kwenye hotuba yake. Nilimwona baadaye anatumia picha ya Katesh kwenye slaidi, ile ya gogo, ameandika juu yake maneno makubwa. Nilitoka nje.

Jumanne 5 Desemba

Muungano mmoja wa wanaharakati umehesabu watetezi wa makampuni ya mafuta, gesi na makaa waliopewa beji: 2,456. Ukitoa ujumbe wa wenyeji na wa Brazil hakuna nchi yenye watu wengi hivyo humu ndani. Kwenye foleni ya kahawa unaweza kuwa umesimama nao na usijue, suti ni zilezile.

Ila ubishi wenyewe wa leo ulikuwa kwenye metro tukirudi. Dada wa Kampala, mwanaharakati, kakaa na kijana wa Tanga, wote nawafahamu kwa sura tu, wakaanza bomba la mafuta. Lile la Hoima Uganda mpaka Chongoleani kwetu Tanga, kilomita 1,443, linapashwa moto njia nzima kwasababu mafuta yao ni mazito kama mshumaa. Dada anasema, Kiswahili chake cha kuvunjavunja lakini kinauma, "Nyinyi mnapitisha sumu yetu kwenye nyumba yenu na mnasema asante." Wenzake wamekamatwa kwa kuandamana, maelfu ya kaya zimeguswa na mradi, wengine wamelalamika fidia ndogo na imechelewa miaka. Kijana naye, "Dada mi nimesoma kwa kibatari. Mzungu kachoma makaa yake miaka mia mbili kajenga, leo bomba moja la kwetu ndo limeharibu dunia? Afrika nzima tunatoa moshi usiofika asilimia 4." Dada, "Na hayo mafuta unayachoma wewe? Yanakwenda kwenye meli." Hapo kijana akakwama kidogo, halafu akasema, "Lakini kazi nimepata mimi." Behewa zima, Wahindi na Wafilipino na kila mtu, walikuwa wanatuangalia, maana tulikuwa tunapayuka kama tuko kwenye daladala ya Gongo la Mboto.

Mi nimelala nikiwaza, wote wawili wana haki, na ndo tatizo lenyewe. Hesabu ya kaboni inamtetea kijana, lakini mwelekeo wa bomba unamtetea dada. Kama ni mafuta ya kupikia chai kwetu ningekaa upande wa kijana moja kwa moja, ila linaishia baharini Tanga, linapanda meli, kwaheri.

Alhamisi 7 Desemba

Mapumziko, hakuna vikao. Binamu yuko ofu, tumevuka ule mkono wao wa bahari kwa abra, boti ya abiria, dirhamu 1 tu, upepo mzuri, mara ya kwanza tangu nifike nimesikia harufu ya maji.

Upande wa pili kwenye duka la viungo tukamkuta mzee wa kanzu, Mwomani, katusikia tunaongea akageuka, "Hamjambo wanangu, mmetoka bara au Unguja?" Kiswahili chake cha Kiunguja safi kuliko changu mimi. Alizaliwa kule, akaja huku kijana, ndugu zake wako pwani ya Batina huko Oman. Anakumbuka Deira kabla ya taa, mafuta ya Dubai yaligunduliwa 1966. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mkutano. Akaninunulia chai, akaniambia habari za kimbunga Shaheen, Oktoba 2021, kilivyoingia Suwaiq, nyumba ya dada yake maji mpaka dirishani, tope ndani ya kabati la nguo za harusi. "Sisi tumetajirika kwa mafuta na tumezama kwa mvua, sasa nimlaumu nani, nijilaumu?" Akacheka peke yake. Nikamwonyesha picha za Katesh. Akavua miwani, akaangalia moja moja, akasoma fatiha kimyakimya, na chai akaagiza nyingine.

Leo hiihii wanasayansi wametoa uchambuzi wa mvua zilizopiga Kenya, Somalia na Ethiopia, wanasema joto lililosababishwa na binadamu limezifanya kali mpaka karibu mara mbili. Hanang haimo kwenye uchambuzi huo. Nimeiambia redio hivyohivyo, haimo.

Nimenunua jagi. Lita 1.7, la chuma, kifuniko cheusi. Nilipiga simu kuuliza kama bado analitaka maana nilijisikia vibaya hata kuuliza, nyumba imeingia tope na mtu unamuuliza jagi. Shangazi akasema, "Nimepoteza duka, sijapoteza kiu."

Jumamosi 9 Desemba

Maandamano ya ndani ya eneo la mkutano, yameruhusiwa kwa masharti ya kila aina, mabango yamepitiwa, bendera hairuhusiwi hii inaruhusiwa ile. Watu wengi. Nimeandamana nusu kama mwandishi nusu kama mpwa wa mtu.

Kisha nikaingia kikao cha biashara ya kaboni, yani kulipwa kwa msitu unaonyonya moshi wa wengine. Hapa Dubai kuna kampuni ambayo mwaka huu imesaini makubaliano ya awali ya misitu na Liberia, Zambia, Zimbabwe, Kenya na sisi pia, mamilioni ya hekta, kwa Liberia peke yake ni kama sehemu ya kumi ya nchi. Wanaopinga wanasema ni ardhi inachukuliwa kwa jina la hewa. Wanaounga mkono wanasema msitu bila pesa utageuka mkaa. Nikanyoosha mkono nikawaambia mi natoka Manyara, kwetu Wahadzabe wa Bonde la Yaeda kule Mbulu wameuza kaboni zaidi ya miaka kumi sasa, na pesa inaingia vijijini, inalipa walinzi wa msitu, karo, hospitali. Lakini pale walianza na hati ya ardhi, kijiji kikapata haki ya kimila kwanza halafu ndo mnunuzi akaja. Nyinyi mnaanza na mnunuzi. Mwendesha kikao akasema ahsante kwa mchango mzuri, akaenda kwa swali lingine.

Habari imevuja pia kwamba katibu mkuu wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, amewaandikia barua wanachama wake wakatae maandishi yoyote yatakayolenga mafuta yenyewe badala ya moshi wake. Kwenye korido ndo stori ya siku. Yani ugomvi wote umefikia neno moja. Wapo wanaotaka "fezi auti", kuachana kabisa. Wapo wa "fezi daun", kupunguza. Halafu kuna wale wa kupachika "anabeited", yani mafuta yasiyonaswa moshi wake ndo yaachwe, yanayonaswa yaendelee. Nilijaribu kuiweka hiyo kwenye voisi. Nikasema: ni kama mlevi anayesema nitaacha pombe isiyo na chakula. Mhariri akairusha hewani hivyohivyo, nasikia sokoni wanaitumia.

Jumatatu 11 Desemba

Rasimu imetoka jioni. Neno la kuachana halimo. Badala yake kuna orodha ya mambo ambayo nchi "zinaweza" kuyafanya. Zinaweza! Hata mi naweza kuacha sukari. Waziri wa Samoa, anayeongea kwa niaba ya visiwa vidogo, kasema hawatasaini cheti chao cha kifo. Wazungu wa Ulaya wamekasirika, Wasaudia kimya, kundi la Afrika linaloongozwa na Zambia lina hoja yake na mi nadhani ndo hoja ya maana kuliko zote humu ndani: sawa tuache, nani aanze, na nani anatupa pesa ya kuhamia? Watu milioni 600 Afrika hawana umeme, huwezi kumwambia azime taa ambayo hajawahi kuwasha. Na mkopo wa sola kwetu una riba ambayo Mjerumani hajawahi kuiona.

Mchana kabla ya hapo mtoto wa kike wa miaka 12 kutoka India alipanda jukwaani na bango akatolewa, ukumbi ukampigia makofi, mkutano ukaendelea.

Jumanne 12 Desemba kuamkia Jumatano

Ulitakiwa kuisha leo asubuhi. Haujaisha. Watu wamelala kwenye mazulia, viatu pembeni, mawaziri wa watu na tai zao mfukoni. Mabanda yanabomolewa huku majadiliano yanaendelea, unasikia nyundo. Nimekula biskuti.

Jumatano 13 Desemba

Saa tano na kitu asubuhi nyundo ya mwenyekiti imegongwa, maamuzi yamepita. Haraka sana, nilikuwa bado natafuta kiti. Maneno ni haya, nchi zinaitwa kuchangia "kuhama kutoka kwenye mafuta ya kisukuku katika mifumo ya nishati, kwa haki, kwa utaratibu na kwa usawa", mwendo uongezwe muongo huu, ili 2050 dunia isiwe inaongeza kaboni. Ni mara ya kwanza katika mikutano 28 mafuta yenyewe kutajwa kwenye maamuzi ya namna hii, makaa tu ndo yalishatajwa Glasgow 2021. Makofi, watu wamesimama, wanakumbatiana.

Halafu mwakilishi wa Samoa, Anne Rasmussen, kaomba kuongea. Kasema kwa upole kabisa wao wa visiwa hawakuwemo ukumbini wakati nyundo inagongwa, walikuwa bado wanakaa pamoja kupatana msimamo. Maana yake nchi 39 zinazozama ziliachwa nje ya mlango. Alipomaliza makofi yake yalikuwa marefu kuliko ya nyundo. Maamuzi hayakubadilika.

Na kuna kifungu kinachofuata kinachosema mafuta ya mpito yanaweza kusaidia, hapo kila mtu anajua ni gesi imefichwa, na sisi wenye gesi Mtwara na Lindi sijui tufurahi au tuone aibu. Mi nimefurahi nusu, ukweli ndo huo. Mfuko wa hasara umefika ahadi za dola milioni 700 na kidogo, wanaharakati wanasema mahitaji ni bilioni 400 kwa mwaka.

Voisi ya mwisho. Nilikaa saa nzima kwenye "kuhama". Kuhama kwetu ni jambo la mtu na vitu vyake, unafunga godoro, unapakia sufuria, una tarehe, una nyumba unakokwenda na umelipa kodi. Hawa wamekubali kuhama bila kutaja siku ya lori. Nikasema hivyo. Mhariri hakurudisha chochote.

Jumamosi 16 Desemba

Nimefika Katesh na pikipiki kutoka pale magari yanapoishia. Wanajeshi na makatapila bado wanasafisha. Tope lililokuwa uji sasa limekauka limekuwa sakafu, kuna nyumba unatembea juu yake unaona ncha ya bati tu imechungulia. Harufu siielezi. Waliofariki sasa wanasema wamepita 80.

Shangazi amehamia kwa mdogo wake upande wa juu. Alinishika mikono muda mrefu, akaniuliza nimekula, akaniuliza huko kuna baridi, wala mkutano hakuugusa. Jioni tulienda dukani kwake na beleshi mbili, tukachimba kuanzia mlangoni, tukapata mzani, debe mbili, na maharage yaliyoanza kuota ndani ya gunia, majani kabisa, mepesi ya kijani. Akayatenga pembeni, anasema atayapanda.

Jagi nilimpa usiku. Akalitoa kwenye boksi, akalizungusha, akasoma maandishi yote hata ya Kiarabu ambayo hajui, akafungua kifuniko akakifunga mara tatu kusikia kinavyolia. Nguzo za mtaa huu zimeng'olewa zote. Akalirudisha kwenye nailoni yake, akalipandisha juu ya kabati, kisha akaniambia nikoleze kuni maji yachemke.